Mwaka Niliokataa Kukaa Chini

Mwaka huu, masika yalipokuwa yanaisha na kahawa inaanza kuwa nyekundu, walitandika mkeka sebuleni kwangu wakaniambia nikae chini, na mimi nikakaa. Sikubishana na mtu. Nilivua kandambili, nikakunja miguu kwa kadiri inavyokunjika siku hizi, nikaegemea ukuta, na mke wa mchungaji akanifunika kanga mabegani. Nikaona wanawake wa kanisani wanatazamana. Watu wazima kati yao walikuwa wanakumbuka, na walioolewa juzi walikuwa wamesimuliwa. Katika kijiji chetu, huku kwenye miinuko ya Mbozi, mimi ni yule mwanamke aliyekataa kukaa chini. Kwetu mume akifa, mke hukaa kwenye mkeka mpaka msiba uishe, na wanawake wanaokuja kumpa pole hukaa chini pamoja naye. Viti ni vya wanaume huko nje. Mara ya kwanza wanawake walipokaa chini kwa ajili ya Andrea, mume wangu, mimi nilisimama wima nikawafokea. Safari hii nilikaa, kwa sababu safari hii ilikuwa kweli. Kati ya mara ile na mara hii nimekula naye ugali miaka zaidi ya ishirini, miaka ambayo ukoo wake ulikuwa umeshaifuta. Nataka kuuandika mwaka ule mwenyewe, maana nasikia wanausimulia vibaya. Wanaufanya mtamu mno, kana kwamba mimi nilikuwa malaika na shemeji yangu shetani, na wala haikuwa hivyo.

Nilizaliwa wapi na posa yangu ilikwendaje, hayo yana watu wake wa kuyasimulia. Mimi nianzie kwenye chumba tulichopanga Tunduma, nyuma ya maegesho ya malori, ambapo dereva akiwasha injini vikombe vyetu vilikuwa vinagongana kabatini. Andrea alikuwa anapakia na kupakua mizigo mpakani. Alirudi jioni na vumbi la mahindi kwenye nyusi, akanawa nje, akaingia akiniuliza, "Mama Nuru, leo maharage yanasemaje?" Chumba kilikuwa na kitanda, jiko la mkaa lililokaa mlangoni, na chini ya kitanda, ndani ya mfuko wa nailoni, viatu vyake. Viatu hivyo vilikuwa vya ngozi, rangi ya kahawia, alivinunua ng'ambo ya pili Nakonde kwa ajili ya harusi yetu. Hakuvivaa kazini hata siku moja. Kila Jumamosi alivitoa, akavipaka rangi, akavipiga brashi mpaka vikameremeta, Jumapili akaenda navyo kanisani akitembea kwa kuchagua pa kukanyaga. Nilikuwa namtania kwamba viatu vilikuwa na hadhi kuliko mke humo ndani. Alikuwa anajibu, "Mke ananisema. Viatu vinanyamaza."

Homa ilimwanza wakati wa kuchuma kahawa. Tulidhani malaria, tukanunua dawa, ikapungua, ikarudi. Halafu tumbo likauma, likavimba, likawa gumu kama ubao, na asubuhi moja alishindwa kunyoosha miguu. Rafiki yake mwenye lori alitubeba mpaka hospitali. Jina la hospitali nitaliacha. Wauguzi wake walinitendea wema na wenyewe hawapendi kusifiwa. Daktari alimbonyeza mara moja tu, akasema homa ya matumbo imetoboa utumbo, apasuliwe sasa hivi. Akapasuliwa. Tukashukuru Mungu, tukaanza kuhesabu kurudi nyumbani, na kumbe ndiyo kwanza tunaanza. Usaha ulirudi, wakampasua tena, na safari ya pili hawakulishona lile jeraha, wakaliacha wazi lipone kutoka ndani. Nililiona. Sikujua kwamba mtu anaweza kuwa wazi namna ile na bado akakuuliza mtoto hajambo. Nuru wetu alikuwa kwa mama yangu, akijifunza kutembea bila sisi.

Sisi wa kuuguza tulikuwa na banda letu nyuma ya wodi, lenye mafiga kila upande na ukuta mweusi wa moshi. Pale ndipo nilipompata Bi Zuhura. Alikuwa mtu mzima kunizidi, mke wa Mzee Bakari, msafirishaji wa Tunduma, asili yao Tanga. Mumewe alikuwa anaumwa ini, kitanda kilichotazamana na cha Andrea. Siku ya kwanza aliponiona napuliza kuni mbichi huku nalia, sijui kwa moshi au kwa uchungu, alinisogeza kando kwa nyonga. "Ondoka hapo, mwenzangu. Hizo kuni wazitukana au wazipuliza?" Tangu siku hiyo tukawa jiko moja. Muda wa kuswali ukifika ananiambia, "Mie nakwenda kwa Mola wangu, nitazamie sufuria," na akirudi anakaa yeye kwenye sufuria, mimi nakwenda kwenye kona yangu ya ukuta. Mchele wake ulikuwa na nazi na harufu ya nyumba za watu. Ugali wangu na maharage aliusifu kwa adabu tu, halafu anaomba chumvi. Chumvi yake ilikuwa kwenye kopo, ya chemchemi za Ivuna, chafuchafu kidogo, na alikuwa anaapa kwamba ile ya pakiti haina dini.

Watu wanaposimulia mwaka ule wanasema niliomba kwa machozi. Machozi yalikuwepo, lakini mara nyingi niliomba kwa ugomvi. Nilikuwa mwanakwaya, nimezoea kumwimbia Mungu nikiwa nimevaa joho, na pale ukutani, nikiwa na kanga yenye masizi, nilimwambia maneno ambayo mchungaji hakunifundisha. Nilimwambia, Mungu, mimi si mgeni kwako, usinizungushe. Nilimwambia kama unamtaka Andrea unipe sababu, na sababu iwe ya maana, maana huyu hata deni hana. Siku hizi nasikia wahubiri wanasema imani ni kutulia. Mimi sikutulia. Nilikuwa nang'ang'ania mguu wa Mungu kama mtoto anayekatazwa kwenda sokoni, na mpaka leo sioni aibu.

Baada ya kupasuliwa mara ya pili walimhamishia chumba kidogo karibu na meza ya wauguzi. Sista wa zamu, mnene, mpole, mwenye sauti ya kwaya, akaniambia humo hakiingii kitu cha nje: blanketi letu litoke, nguo zitoke, na viatu vitoke. Viatu ndivyo vilivyonisumbua. Andrea alikwenda navyo hospitali akidhani atalala siku mbili na kurudi, na mtu haendi kwa daktari na kandambili. Kule bandani tulikolala vitu vilikuwa vinatembea. Bi Zuhura alishapoteza birika. Basi nikafunga blanketi, nguo na viatu kwenye furushi moja, nikampa kondakta wa basi dogo alipeleke kijijini kwa Ezekia, kaka mkubwa wa Andrea, na nikamwagiza aseme vifuliwe na vitunzwe. Kondakta yule akashukia Vwawa, akamkabidhi mwenzake furushi, na maagizo akabaki nayo mwenyewe.

Mtu wa mbali hataona kosa hapo. Lakini kwetu mgonjwa hatanguliwi na viatu vyake. Mwanaume akifia mbali, wanaotangulia kuleta habari hubeba vitu vyake, na wakifika hawasemi neno. Huweka viatu mlangoni, na mlango unaelewa. Simu za mkononi zilikuwa zimefika Tunduma, kijijini mtandao ulikuwa wa kupandia kilima, na hata ukipanda, pale wodini ungempigia nani? Ezekia akaliona furushi linashushwa peke yake, akafungua, akaona blanketi la mdogo wake na viatu vya harusi vimepangwa pamoja. Wanasema alipiga ukelele mmoja, akakaa kwenye vumbi. Jirani mmoja alisema wangetuma kwanza mtu aulize, akaambiwa, "Aulize nini? Viatu si hivi?" Mpaka jioni wanawake walikuwa wamekaa chini, ng'ombe amechinjwa, na vijana wanachimba kaburi pembeni ya shamba letu la kahawa.

Mimi hayo sikuyajua. Siku waliyofika, jua liko utosini, tulikuwa bandani na Bi Zuhura tunakula wali kwenye sinia moja, nikaona pikapu inaingia getini imefungwa matawi mabichi mbele. Banda zima likanyamaza, maana matawi hayo kila mtu anayajua, na kila mwanamke akajiuliza kama ni wake. Bi Zuhura alinishika mkono akasema kimya kimya, "Yarabi, isiwe Bakari." Halafu nikaona kwamba anayeshuka mbele ni Ezekia. Nyuma walishuka mwinjilisti wetu na shangazi wawili wa ukoo, na kati yao, juu ya pikapu, kulikuwa na jeneza jipya la mbao za mkaratusi. Shangazi waliponiona walijifunga kanga viunoni, wakapiga kelele, wakaja mbio wakakaa chini miguuni pangu, wakinivuta nikae.

"Kaa chini, binti yetu! Kaa, tulie!"

"Tunamlilia nani?" niliuliza.

"Andrea! Uwii, Andrea!"

Nilikuwa nimetoka kumnywesha Andrea maji kwa pamba muda huo huo. Nikasema, "Andrea yuko ndani anapumua. Inukeni." Wakalia zaidi, wakidhani uchungu umenigeuza akili. Mmoja alinivuta kanga mpaka nikapiga goti, na goti hilo lilivyogusa ardhi nikainuka kama nimekanyaga kaa la moto. Nikafoka, nikasema sikai chini, asiyeniamini aingie aone, na hakuna mtu atakayemlilia mume wangu akiwa hai mbele ya macho yangu. Ezekia alikuwa ameshakwenda chumba cha maiti. Mtunza maiti alimtafutia ndugu yake, akakosa, akamwuliza kwa heshima kama ana hakika amekufa hospitali hii.

Ezekia akaja kwenye varanda, jasho linamtoka. Alikuwa mtu mkubwa, mwenye sauti ya kuamuru ng'ombe, na siku ile sauti ilikuwa imepotea. Akaingia, akasimama pembeni ya kitanda. Nadhani alifurahi, nataka kumtendea haki, nadhani kwa muda kidogo alifurahi. Lakini alichokiona kitandani kilikuwa mifupa na mipira, midomo iliyopasuka, macho yaliyofumba nusu. Akatoka nje, akaniita kando, mwinjilisti akasogea.

"Shemeji," alisema, "huyu hamalizi wiki. Mwenyewe unaona. Tumchukue. Afie kwake."

"Anatibiwa."

"Watu wamekaa kule. Kaburi liko wazi. Nikirudi na jeneza tupu nitawaambia nini? Jeneza tupu halirudishwi kwenye mji, na we unajua. Litatafuta mwingine. Labda mimi. Labda Nuru."

Kumtaja mtoto ndiko kulikoniumiza, na alijua kutaniumiza. Mwinjilisti naye akasema kwa upole kwamba, kama nimeridhia, angefanya sala ya kumkabidhi ndugu yetu mikononi mwa Bwana, kisha tuandae safari. Nilimheshimu sana mwinjilisti yule; ndiye aliyenifundisha kusoma noti za kwaya. Nikamwambia, "Baba, ukitaka kuomba, omba apone. Ukitaka kumkabidhi, mkabidhi kwa daktari, yuko pale anavaa glovu." Na Ezekia nikamwambia, "Hilo jeneza ulilochonga kwa vipimo vyako, lilalie wewe." Shangazi waliziba midomo. Mwanamke haongei hivyo na kaka wa mume. Hata mimi nilisikia maneno yanavyotoka nikashangaa ni ya nani. Ezekia akasema yeye ndiye mkubwa wa ukoo, mimi ni mke wa kuja, na mwili wa ndugu yake si wa kujadiliana na mwanamke. Akaingia tena ndani kumwita sista amtoe mipira. Nikamfuata, na Bi Zuhura nyuma yangu ameshika mwiko. Nilisimama kati ya Ezekia na kitanda. Ndipo nyuma yangu nikasikia sauti ambayo nilikuwa sijaisikia siku kadhaa, nyembamba, kavu.

"Kaka."

Tuligeuka wote. Andrea hakuwa anatutazama usoni. Alikuwa amegeuza kichwa kwenye mto, anatazama sakafuni.

"Kaka, si viatu vyangu hivyo?"

Vilikuwa vyenyewe. Kwetu nguo za marehemu hugawiwa kwa ndugu msiba ukiisha, na viatu ni haki ya kaka. Ezekia hakuwa na viatu vya kufaa kusindikizia maiti, akaona kuna ubaya gani kuvaa mapema. Mimi nilikuwa nimetazama jeneza, nimetazama matawi, nimetazama uso wake, wala sikutazama miguu. Mgonjwa aliyelala kitandani ndiye aliyeona. Sista aligeukia ukutani mabega yakimtikisika. Bi Zuhura akasema, "Subhanallah." Mimi sikucheka. Nilisema, "Vua." Ezekia akanitazama. "Vua, shemeji. Mwenyewe hajavimaliza." Akainama, mtu mkubwa vile, akafungua kamba moja moja, akavivua, akaviweka sakafuni. Akarudi Mbozi peku peku, na jeneza tupu nyuma.

Sista alivisugua viatu kwa dawa ya kuulia vijidudu, akaniruhusu viingie chumbani licha ya sheria yake mwenyewe. Niliviweka chini ya kitanda na ncha zake zikitazama mlangoni. Kila asubuhi nilivifuta. Daktari akiingia alivikuta vimetazama njia, na siku moja aliniuliza kama tunasafiri. Nikamwambia ndiyo, tunakusubiri wewe tu. Nikisema nilikuwa na imani, nazungumzia kazi hiyo: kupiga brashi viatu vya mtu asiyeweza kukaa. Kuna asubuhi nilivipiga brashi bila maombi ndani yake hata kidogo, nimechoka, namchukia kila mtu mwenye afya. Nilivipiga hivyo hivyo.

Kilichotokea kijijini nilikisikia bandani. Mwanamke wa huko kwetu, asiyenijua sura, alikuja kumwuguza dada yake aliyejifungua, akawa anawapigia wenzake soga huku anamenya ndizi. "Kuna bwana kwetu kaburi lake linamsubiri. Limefunikwa mabati! Mke wake mkorofi, kamkatalia roho." Nilikuwa nimekaa naye bega kwa bega. Nikamwuliza kwa nini hawakulifukia. Akanieleza vizuri, mama wa watu, kwamba shimo likishachimbwa kwa jina la mtu halifukiwi tupu. Huzikwa mgomba badala yake, umevikwa shuka, na jina lake hutajwa juu yake. Wazee walitaka kufanya hivyo, ila kaka wa mgonjwa amesema ya nini kuzika mara mbili, tungoje kidogo. Jeneza limewekwa juu ya dari la ghala. Nikamwambia, "Ahsante, dada. Huyo mkorofi ni mimi." Ndizi ilimtoka mkononi. Nilicheka pamoja naye, kisha nikaenda ukutani kwangu, na cheko likaisha. Kila nilipofumba macho niliona mabati yale na mvua ikiyapiga. Nikamwambia Mungu, umeliona shimo lile? Usiniaibishe mbele ya Ezekia. Sijui kama hiyo ni imani au ubishi. Mimi nikiwapekua nawakuta ni ndugu wa tumbo moja.

Wa ukoo hawakuja tena. Waliokuja ni majirani wa chumba chetu cha Tunduma, wapakizi wenzake, na dereva mmoja wa Zambia aliyeingia wodini akisalimia "Mulishani, mulishani" kila kitanda kama mgombea. Na alikuwepo Bi Zuhura, mpaka siku ambayo Mzee Bakari alikata roho, mchana, tukiwa tumetoka kupakua chakula. Alimfumba macho kwa mkono wake, akasema maneno ya dini yake kwa sauti isiyotetemeka, akatoka kwenye varanda, akatafuta pa kukaa kama mtu asiyeona. Akakaa sakafuni. Nikakaa chini pamoja naye. Mwaka ule wote nilikaa chini siku hiyo moja, na niliona haki yake. Alinishika goti, akasema, "Mama Nuru, wako usimwachie. Wangu Mola kamtaka. Lakini usije ukadhani mie niliomba kidogo." Magari ya Tunduma yakaja kumchukua, mengi, ya heshima, na mimi nikabaki na mafiga yake na kopo la chumvi.

Maneno yake yale nimeyabeba mpaka leo. Tuliporudi nyumbani kanisa lilitaka nitoe ushuhuda. Nilipanda mbele, nikaona shingo zimenyooka zikisubiri nitamke kwamba imani yangu imemponya mume. Nikawaambia Mungu amemponya Andrea, sijui kwa nini, na kwamba kuna mama Mwislamu aliomba kuliko mimi akarudi na maiti. Imani haikumponya mume wangu. Imani ilinizuia mimi nisimzike kabla hajafa. Nikashuka. Hawakupiga makofi, na mwinjilisti hakunialika tena kushuhudia. Lakini mlangoni alinipa mkono akaushika kwa muda.

Basi jeraha lilianza kujifunga. Siwezi kusema lini. Ni kama kutazama mahindi, ukiyakodolea hayakui. Daktari akaruhusu chakula laini, na Andrea, aliyekuwa ameishi kwa maji ya dripu, akaulizwa anataka nini. Akataka parachichi na chumvi. Nililiponda na chumvi ya Ivuna kutoka kopo la Bi Zuhura, nikamlisha kwa kijiko cha chai, akafumba macho akasema, "Maharage hayasemi kitu mbele ya hili." Nililia hapo. Sikulia mbele ya jeneza, nikalilia parachichi. Kokwa yake niliiosha nikaiweka kwenye kopo la maziwa dirishani. Sista akalalamika kwamba hapa ni wodi si shamba, na baadaye nikamfuma anaimwagilia. Ilipasuka, ikatoa mzizi, kisha kikonyo, kisha majani mawili mekundu. Andrea alikuwa anajifunza kukaa wakati kile kikonyo kinajifunza kusimama, na tuliwatania wote wawili.

Mvua za mwisho zilimkuta anatembea. Siku ya kuruhusiwa alivaa viatu. Miguu ilikuwa imekonda, sista akavijaza pamba mbele. Tulishuka kwenye basi barabarani, na nikakataa bodaboda. Nilitaka wamwone anakuja kwa miguu yake. Alitembea, akapumzika, akatembea, mimi nyuma na kopo la mche kichwani. Mama mmoja aliyekuwa anapalilia alitupa jembe akakimbia. Wengine walisimama shambani mikono midomoni. Ezekia alikuwa mlangoni kwake. Alikuja akamkumbatia mdogo wake, akalia kwa sauti, na kilio kile kilikuwa cha kweli kuliko cha kwanza.

Kesho yake wazee walikuwa wameshaandaa mgomba, umevikwa shuka jeupe, umelazwa kando ya shimo. Waliniambia kwa adabu kwamba jina litatajwa mara moja tu. Nikasema halitajwi. Mzee mmoja akauliza, sasa shimo lijazwe na nini? Nikamwaga samadi, nikarudisha udongo, nikapanda mche wangu katikati. Akasema, "Mti wa kaburini utakula mtu." Nikasema, "Basi ukizaa msile." Walikula wote. Hakuna mparachichi uliowahi kuandaliwa shimo zuri namna ile. Na jeneza, Andrea alilishusha mwenyewe alipopata nguvu, akaling'oa kifuniko, akalifanya sanduku la mbegu za maharage. Panya hawakuligusa kamwe.

Mwaka huu aliumwa siku chache, akaenda akiwa nyumbani, mkono wake kwenye mkono wangu. Sikugombana na Mungu. Nilimwambia ahsante, na nikamwambia bado nilikuwa namtaka. Bi Zuhura, mzee sasa, alikuja kutoka Tunduma akashushwa garini na wajukuu, akaja akakaa chini pembeni yangu. Ezekia, mgongo umepinda, alipendekeza mparachichi ukatwe, mdogo wake azikwe pale. "Pale ni pake toka zamani, shemeji." Nikamwambia, "Pale alishapakataa." Tukamzika upande wa pili, kwenye kahawa alizozipanda mwenyewe.

Siku ya kumaliza msiba waligawa nguo. Koti lilipata mtu, mashati yakapata watu, kofia ikaenda kwa mume wa Nuru. Viatu vikabaki. Vilikuwa vingine, vile vya harusi vilishaisha siku nyingi, lakini vya ngozi, vya kahawia, maana Andrea hakujua rangi nyingine. Vilikaa katikati ya mkeka na hakuna aliyevigusa. Ezekia alikuwa anatazama nje. Niliinuka, nikavichukua, nikavipeleka mpaka kwenye kiti chake, nikaviweka miguuni pake.

"Sasa vaa, shemeji," nilisema.

 Akainama, kwa shida, nikamsaidia kufunga kamba.

"Hata vile vilinibana," alisema polepole. "Toka hapa mpaka hospitali. Nikawa najiambia, mbona vinanikataa?"

Akasimama, akaenda nje kwa wanaume akichechemea. Mimi nikarudi kwenye mkeka wangu, nikakaa.